Nakala, Kiungo na Kumbukumbu: Uhakiki wa Mbinu za Kutunza Msimbo wa Viunzi vya Nje katika Ghala la Mradi

1. Utangulizi

Mifumo ya kompyuta ya leo haijengwi kwa msimbo wa wasanidi wake pekee. Sehemu kubwa hutokana na viunzi na maktaba zilizoandikwa na watu wasio na mkataba wowote na mradi unaozitumia. Swali linalojitokeza ni namna ya kuutunza msimbo huo: je, unakiliwe na kuingizwa katika ghala la mradi, au ubaki nje na kuelekezwa kwa kiungo tu? Mara nyingi swali hili huchukuliwa kuwa la mahali. Uhakiki huu unajenga hoja kwamba mahali ni suala la pili. La kwanza ni kumbukumbu ya asili ya msimbo na ya kila badiliko lililofanywa baada ya kuupokea.

2. Nakala ndani ya ghala

Watetezi wa kunakili husimamia hoja inayolandana na methali isemayo "Mtegemea cha nduguye hufa maskini". Tukio la Machi 2016 liliipa hoja hiyo nguvu. Kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, kiliondolewa na mwandishi wake katika hazina ya npm. Miradi mingi iliyokitegemea, baadhi bila hata kujua, ilishindwa kujengwa hadi kiliporejeshwa saa chache baadaye. Mradi uliokuwa na nakala yake ndani ya ghala haukuwa na sababu ya kutikisika. Lugha ya Go nayo iliikubali njia hiyo rasmi mwaka huohuo, pale saraka ya vendor ilipowezeshwa kwa kawaida kuanzia toleo la 1.6.

Hata hivyo, hoja hiyo ina pengo. Nakala huondoa utegemezi wa upatikanaji, lakini haiondoi utegemezi wa marekebisho. Machi 2002, kasoro ya kiusalama ilipotangazwa katika zlib 1.1.3, kutolewa kwa toleo la 1.1.4 hakukutosha. Maktaba hiyo ilikuwa imenakiliwa ndani ya programu nyingi, kikiwamo kiini cha Linux, na kila nakala ilihitaji kutafutwa na kurekebishwa peke yake. Aliyenakili alikuwa bado anamtegemea nduguye. Tofauti ni kwamba sasa nduguye hakujua nyumba ya kupeleka habari. Ndiyo maana sera ya Debian inahimiza vifurushi vyake vitumie maktaba ya pamoja badala ya nakala zilizofichwa ndani ya programu.

3. Kiungo badala ya nakala

Moduli ndogo za Git hufuata njia tofauti. Kinachohifadhiwa katika ghala kuu ni anwani ya ghala la nje pamoja na kitambulisho cha hali mahususi ya msimbo. Ubora wa mbinu hii ni uwazi: asili haijifichi, na mkaguzi anaweza kubaini mradi ulitumia msimbo upi wakati fulani. Udhaifu wake ni kwamba anwani ikifa, kitambulisho hubaki jina lisilo na mwenyewe. Aidha, msanidi anayebadili moduli ndogo bila kuyapeleka mabadiliko yake kwenye ghala linalofikiwa na wenzake huwaachia kitambulisho wasichoweza kukifungua.

Mbinu ya subtree huondoa tatizo hilo kwa kuziunganisha faili za kiunzi na ghala kuu, ila huleta hatari nyingine: mabadiliko ya kiunzi na ya mradi yanaweza kuchanganyika katika hatua moja ya historia, na kuyatenganisha baadaye ni kazi ngumu. Vidhibiti vya vifurushi, kwa upande wao, hufungia matoleo kwa usahihi, lakini usakinishaji mpya hufuta marekebisho yaliyofanywa kwa mkono.

4. Badiliko lililoandikwa lisisomwe

Kisa cha OpenSSL katika Debian kinaipima hoja ya uhakiki huu kwa ukali. Mwaka 2006, mistari michache iliondolewa katika kifurushi hicho ili kunyamazisha onyo la zana ya uchunguzi wa msimbo. Badiliko hilo halikuingia katika chanzo cha OpenSSL. Mei 2008 ilitangazwa kwamba lilikuwa limedhoofisha uzalishaji wa namba nasibu, hata usiri wa funguo ukategemea namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Funguo zilizoathirika zililazimika kuzalishwa upya.

Ikumbukwe kwamba Debian ina utaratibu wa kutenganisha chanzo na mabadiliko yake. Kumbukumbu ilikuwepo, kilichokosekana ni msomaji mwenye ujuzi wa kuitilia shaka. Hivyo basi, kumbukumbu ni sharti la lazima lakini halijitoshelezi.

5. Hitimisho

Mhakiki wa miswada ya tenzi hutenganisha maneno ya mtunzi na ya mnukuzi kabla ya kutoa hukumu. Mtunza ghala anapaswa kufanya vivyo hivyo. Mradi wa Chromium unatoa kielelezo: msimbo wa nje huambatanishwa na faili inayotaja jina, anwani ya asili, toleo, leseni na mabadiliko ya ndani. Leseni ya Apache 2.0 nayo inamtaka anayesambaza faili alizozibadilisha aonyeshe kwamba amezibadilisha.

Kutokana na mjadala huu, mbinu yoyote inafaa ikiwa inatimiza masharti matatu: msimbo uingie kwanza kama ulivyopokelewa, kila badiliko lifuate likiwa peke yake na sababu yake, na badiliko lirudishwe kwa wenye kiunzi ili likaguliwe. Pale masharti haya yasipotimizwa, anayeurithi mradi hurithi msimbo asioweza kuusasisha bila kuuvunja, na watumiaji hubaki na kasoro ambayo kwingineko imekwisha kutibiwa.