Mvua Ilimeza Sauti, Picha Ikabaki

Nimetoka kwenye banda la video sasa hivi. Viatu vimejaa tope la Ulongoni, chakula kinapoa mezani, lakini hiki siwezi kulala nacho: jamani, Supa Modo! Ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018, ya mwongozaji Likarion Wainaina. Mwaka huohuo ilizinduliwa kwenye tamasha la filamu la Berlin, ikazunguka dunia. Huku Gongo la Mboto, Dar, nimeiona leo kwa mara ya kwanza, na nimeiona kwa namna ambayo sidhani kama Berlin waliipata.

Ilikuwa haijafika hata robo, mvua ikashuka. Aliyekulia kwenye vibanda umiza anajua maana yake: bati tupu, hakuna dari, kila tone ni ngoma. Mwenye banda akapandisha sauti mpaka mwisho, spika ikabaki inakwaruza tu. Nikasema basi, sasa watu watadai hela zao. Hakuna aliyeinuka. Karibu nusu ya filamu tuliitazama kwa macho tu, na hakuna kilichotupita!

Jo ni mtoto wa miaka tisa, ana ugonjwa usiopona, na mama yake ameamua kumtoa hospitali amrudishe nyumbani, kijijini Maweni. Hayo unayajua bila kuambiwa. Unaona kichwa kilichokwisha nywele. Unaona namna mama anavyomshika, kama anayebeba trei ya mayai kwenye daladala. Halafu unaingia chumbani kwake: ukutani kumebandikwa mashujaa wa sinema. Ukuta ule umenimaliza. Hakuna mtu aliyesimama kutuhutubia kwamba mtoto huyu anapenda filamu, kwamba akilini mwake ana nguvu za kuruka angani. Ukuta umeshasema, na kitanda kilicho chini yake kimesema upande wa pili. Mwili unavutwa kitandani, picha zinapaa. Fremu moja, na moyo wako umeshachukuliwa.

Mpiga picha ni Enos Olik, ambaye wengi walimjua kwanza kwa video za muziki. Nilitegemea mbwembwe. Badala yake kuna subira. Anaacha kijani cha vilima na mwanga wa vijijini vifanye kazi, anakuacha ukae na uso wa Stycie Waweru, huyu binti anayecheza Jo. Uso wake! Anaweza kukaa kimya akabadilika mara tatu, kutoka kuchoka hadi kutamani hadi ujanja wa kitoto, na wewe kwenye benchi umezifuata zote.

Kisha kikaja kile kilichotunyanyua. Kwenye skrini kukatokea banda la video. Kama letu! Watu wamejazana, na Mike, anayewaonyesha filamu, anaisimulia kwa mdomo wake papo hapo. Ulongoni nzima ikapiga kelele juu ya mvua. Sisi tumelelewa na sauti ya marehemu Lufufu akitutafsiria filamu za Wachina na Wamarekani mpaka tukaamini wanaongea Kiswahili cha Dar. Kuliona banda lenyewe likipewa heshima ya kuwa mahali pa hadithi, likiwa na giza lake na nyuso zinazong'aa kwa mwanga wa skrini, huku nyuso zetu nazo ziking'aa vilevile! Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka nyuma kututazama sote, akarudisha macho kwenye skrini, akatikisa kichwa.

Na ile sehemu ambayo dada yake Jo, Mwix, anakishawishi kijiji kimwaminishe Jo kwamba ana nguvu kweli. Jo anasimamisha muda, watu wote wanaganda. Hamna maajabu ya kompyuta pale. Ni watu wazima wamesimama wima wakijikaza wasitikisike, na wewe unajua wanajikaza. Ndiyo maana inauma. Hollywood ingetumia mamilioni ya dola kuwagandisha kikamilifu, na upendo wote ungepotea, kwa sababu upendo wenyewe ndio huko kujikaza.

Filamu zetu nyingi za Bongo, nazipenda, nimezilipia, lakini hutuketisha kwenye sebule yenye sofa kubwa mtu atueleze kwa maneno kwamba amevunjika moyo. Uwezo tunao. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, imeshaonyesha kwamba uchochoro wa Zanzibar ukipigwa vizuri hausubiri mhusika afungue kinywa. Nataka zaidi. Nataka mtu aje apige hapa kwetu, jioni, moshi wa mihogo stendi, foleni ya wanaorudi kutoka mjini, aache kamera ituangalie bila kuharakisha.

Mwisho siusemi. Mvua ilikatika kabla haujafika, sauti ikarudi, na mwenye banda akanyoosha mkono kuipunguza. Mama mmoja aliyempakata mwanawe akamwambia mwenye banda, taratibu, "Iache hivyohivyo, mwanangu."

Filamu ina dakika 74 tu. Jumamosi wanairudia saa kumi jioni. Wahi benchi la mbele, na watoto uwabebe.