Bakteria Wapendajoto: Istilahi na Dhana Yake

Mfasiri anayetafuta jina la bakteria waishio katika maji ya moto hukimbilia upesi "bakteria wa volkeno" au "vimelea vistahimilivu vya joto". Tukiyapima majina haya kwa dhana yenyewe, hakuna hata moja linalosimama.

Tuchukue mfano ulio maarufu. Katika chemchemi ya maji moto iitwayo Mushroom Spring, huko Yellowstone, Marekani, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichota sampuli mwaka 1966. Mwaka 1969 wakatangaza spishi mpya, ya jenasi mpya: Thermus aquaticus. Yellowstone ni eneo la volkeno, na hapo ndipo jina la kwanza lipatapo mvuto wake. Lakini katika taarifa ile ile watafiti hao walieleza kwamba bakteria huyo alipatikana pia katika maji ya moto ya bomba. Je, bomba la jengo lina volkeno gani?

"Vimelea" ni kosa zito zaidi. Kimelea huishi kwa kumnyonya kiumbe mwingine. Thermus huishi majini kwa nafsi yake.

Neno "stahimili" ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa, maana linakaribia ukweli bila kuufikia. Astahimiliye huvumilia taabu. Thermus aquaticus hukua vyema kabisa katika nyuzi 70 za Sentigredi. Kikomo chake cha juu ni nyuzi 79, na chini ya 40 hivi hakui. Taabu yake ni baridi. Wastahimilivu wa kweli wapo, nao tunakula nao: mbegu za Bacillus cereus huvumilia jungu lichemkalo, kisha wali ukipoa na kulala hadi kuwa kiporo, huchipua na kuweza kumwumiza mlaji. Mwanafunzi aliyefundishwa jina moja kwa viumbe hao wawili hataelewa kwa nini kuchemsha chakula mara moja hakutoshi.

Kwa hiyo twapendekeza "mpendajoto", wingi "wapendajoto". Yupo atakayesema bakteria hana moyo wa kupenda. Mkulima husema mpunga wapenda maji, na hakuna amwulizaye moyo wa mpunga uko wapi.

Kuna pia kitenzi. Mpimaji wa damu aonaye vijidudu vya malaria huvitambua, kwani vimekwisha julikana. Brock na Freeze walifanya kazi nyingine: waliwatenga bakteria hao, wakawaotesha peke yao, wakapima umbo, chakula na mipaka ya joto, wakahifadhi mbegu yenye alama YT-1 ili wengine walinganishe. Huko ni kubainisha spishi. (Neno "aina" liachwe lipumzike, kazi zake ni nyingi mno.)

Hata hivyo, "wapendajoto" lisifungwe daima kwa "bakteria". Sulfolobus, apendaye joto na asidi, alielezwa mwaka 1972 kuwa bakteria. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walionyesha kwamba lipo kundi la viumbe wadogo lililo mbali na bakteria, na baadaye Sulfolobus akahamishiwa humo. Leo kundi hilo ni arkea. Katika orodha ya istilahi, basi, "mpendajoto" liingizwe kama nomino inayojitegemea, na chini yake viwekwe vidahizo viwili: bakteria mpendajoto na arkea mpendajoto.