Vidole vya Msusi

Ukitaka kumkwamisha msusi wa ukili wa mkeka, mwulize anafanyaje. Hadi hapo vidole vilikuwa vikienda vyenyewe: ukindu mmoja juu, mwingine chini, huu unakunjwa ukingoni, ule unaokaribia kwisha unachomekewa mpya, na yeye kazama kwenye habari za harusi ya jirani. Swali likiingia, vidole vinasita. Anacheka, anafumua kidogo, anaanza tena. "We tazama tu, mwanangu."

Wapo wanaodhani kazi hii haitaki akili, kwa kuwa mabibi wa Makunduchi na Pemba husuka barazani huku wakipiga soga. Mwanagenzi ndiye anayeimaliza akili yake yote: anahesabu kwa kunong'ona, mabega yamemkakamaa, na ukili unatoka hapa umebana, pale umelegea. Kadiri anavyorudia, hesabu ile inahama. Ubongo mdogo, ulioko kisogoni, hushika kazi ya kusahihisha mwendo wa vidole. Sehemu nyingine zilizo ndani kabisa ya ubongo huunganisha mfululizo wa hatua ukawa tendo moja. Sehemu ya mbele, inayopanga na kuamua, inapumua. Hapo ndipo msusi anapopata nafasi ya umbea, ya kumkemea mjukuu, ya kufikiria futari.

Kwamba mkono una kumbukumbu yake peke yake, alituonyesha Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo kutibiwa kifafa, na tangu siku ile hakuweza kuweka jambo jipya kichwani. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kazi ngumu hiyo, jaribu uone. Kwa muda wa siku tatu mstari wake ulizidi kunyooka, ilhali mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya.

Basi mnunuzi anayeomba apunguziwe bei, kwa hoja kwamba amemwona mama akisuka bila hata kutazama, analalamikia kile kile alichokuja kukinunua. Ajuaye mikeka haanzi na rangi. Huugeuza mkeka, akapitisha kidole kutafuta pale ukindu mpya ulipochomekwa. Kwa fundi hapaoni. Na fundi naye, ukimwuliza alichomeka wapi, itabidi apapase kama wewe.