Ngozi ya Povu

Kostiki soda humiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye kostiki. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kambini Dzaleka, na mama mwenye ndoo hakunipa la pili mpaka nilipolirudia mara tatu. "Ukigeuza, mwanangu, itakurukia usoni." Yeye ni mtu wa Uvira, Kongo. Mafuta na kostiki huvifuata Lilongwe, kama kilomita 50 kwa minibasi, na huko amezoea kuulizia bei ya "sopo", maana ndivyo Wamalawi waitavyo sabuni.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Banda, na mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Wote hao wanafua.

Anatumia ndoo ya plastiki, kwa sababu kostiki hula sufuria ya aluminiamu. Anakoroga bila haraka. Kila baada ya muda huinua mwiko na kuacha uji wa sabuni udondoke: tone likizama, bado, likilala juu kama uzi, "imeshika", na hapo hapo humimina kwenye kisanduku cha mbao. Saa hana, mizani yake ni ya kuazima, lakini sijamwona akikosea uzi ule.

Kilichonishika mimi kilikuja wakati wa kunawa. Aliunganisha kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha taratibu, na katikati ukabaki utando. Rangi zikateremka: kijani, waridi, dhahabu. Juu kabisa pakawa peusi. "Sasa utapasuka," akasema, na ukapasuka.

Utando ule ni maji yaliyobanwa kati ya safu mbili za molekuli za sabuni, vichwa vikipenda maji, mikia ikiyakimbia. Rangi hutokana na mwanga unaorudi kutoka nyuso zote mbili. Panapokuwa peusi, unene umeshuka chini ya sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, na mwanga wa uso mmoja unaufuta wa mwenzake. Jicho la mama yule, basi, linapima unene ambao rula yoyote ya dukani haiufikii.

Mwaka 1962 Paul Dirac, mwanafizikia Mwingereza aliyekwisha kupata Nobeli mwaka 1933, alijiuliza: je, kama elektroni si nukta, bali ni povu lenye ngozi kama ile ya sabuni? Chaji ya umeme inasukuma nje, ngozi inavuta ndani, na povu linatulia zinapotoshana nguvu. Likitikiswa, huenda likawa myuoni, ndugu mzito wa elektroni. Wazo zuri kweli. Mimi ningelinunua bila kuuliza bei. Akapiga hesabu: myuoni ingetoka nzito mara 53 kuliko elektroni. Iliyopimwa ni kama mara 207. Tena, hadi leo hakuna jaribio lililoonyesha kuwa elektroni ina upana wowote.

Nilimweleza mama habari hiyo, nikitarajia acheke. Aliuliza tu kama mzee yule alilitupa wazo lake. Nikamwambia hapana, halikutupwa: mwaka 1987 wanafizikia wengine waliurudisha utando, safari hii ndani ya ulimwengu wa vipimo 11, na mpaka sasa hakuna jaribio lililouthibitisha. Akaitikia kwa kichwa. Sabuni iliyokataa yeye naye haitupi. Huikwangua, huiongezea maji kidogo na kuiweka motoni, kisha huonja kipande kilichoganda kwa ncha ya ulimi. Kikichoma, kostiki bado imo. Kwa kipimo hicho povu la Dirac linachoma, nami sioni aibu kulisema hivyo, ingawa nalipenda.

Alinipa mche mmoja na kunikataza kuugusa kabla ya wiki nne. Uko dirishani kwangu Lilongwe. Leo ni siku ya 19.