Sitiari ya Mpaka na Mtendaji Wake

"Utando wa seli ni mpaka wenye ulinzi." Sitiari hii imezoeleka katika kufundisha Biolojia, na kwa msomaji wa Malaba, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, ina uzito wa pekee, kwani anaijua foleni ya malori, dirisha la forodha na njia za panya. Inastahili kuhakikiwa kama kazi yoyote ya fani, tukianza na swali hili: mtendaji ni nani?

Sitiari ina wahusika watatu: msafiri, mlango na afisa. Wawili wa kwanza wamejengwa vizuri. Oksijeni na kabonidayoksaidi, molekuli ndogo zisizo na chaji, hupenya moja kwa moja kwenye tabaka mbili za mafuta. Maji hupenya humo polepole, lakini hupita kwa kasi kubwa katika akwaporini, protini ambazo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Glukosi huingia katika chembe nyekundu za damu kwa msaada wa protini maalumu.

Udhaifu uko kwa afisa. Amepewa vitenzi vyote vyenye nguvu: anakagua, anaruhusu, anazuia. Msomaji huamini kwamba utando ndio unaoamua kitu kielekee wapi. Sivyo. Katika mwendo wa molekuli tulizozitaja, seli haitumii nishati yake. Molekuli huhangaika kila upande bila mpango, na kwa kuwa upande wenye ukolezi mkubwa unazo nyingi zaidi, zinazotoka huko huzizidi zile zinazorudi. Mlango huathiri kasi. Mwelekeo huletwa na tofauti ya ukolezi na, kwa ioni, tofauti ya umeme pia.

Malaba ina mhusika afaaye zaidi: bei. Mahindi ya Uganda huvuka kuingia Kenya bei ya huko inapokuwa juu, wala hakuna afisa anayeyasukuma. Hata hivyo, bei nayo ina upungufu. Machi 2021 Kenya ilisitisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu. Seli inaweza kufunga mlango wa ioni, lakini haina amri kama hiyo ya kuisimamisha oksijeni. Tena, bei zikilingana mfanyabiashara hukosa sababu ya kuvuka. Molekuli haikuwa na sababu tangu awali, na ukolezi ukishalingana huendelea kuvuka huku na huku kwa kiwango sawa.

Sitiari ibaki, lakini afisa apunguziwe vitenzi na tofauti ya pande mbili ipewe nafasi ya mtendaji. Kipimo chake ni chembe nyekundu ya damu: katika mapafu oksijeni huingia, katika misuli hutoka, na utando ni ule ule. Simulizi ya afisa haiwezi kueleza mgeuko huo. Simulizi ya tofauti inaueleza kwa sentensi moja.