Kutembea kwa Sikio

Pemba haina mlima wa kujivunia. Pahala pake pa juu kabisa hapafiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Moshi akionyeshwa atadhani anataniwa. Labda ndiyo maana ufundi wa kutembeza wageni msituni, kwetu Micheweni, haujapata sifa zake. Sifa zimepanda Kilimanjaro pamoja na wapagazi, zikalala Mandara, zikaamkia Horombo, siku tano au sita njiani. Na ni haki yao. Kumfikisha mtu Kibo na kumrudisha mzima si mchezo. Lakini mtembeza wageni wa Ngezi ana kazi ambayo mimi naiona ngumu zaidi, kwa sababu hana kilele cha kumuahidi mgeni wake.

Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi ya kisiwa, na barabara itokayo Konde inaukatiza kuelekea Makangale na Ras Kigomasha. Ni mabaki ya msitu mkubwa uliotangulia mikarafuu. Mwenye haraka anaumaliza asubuhi moja: anaingia huku, anatokea pwani ya Vumawimbi, anaoga, anakwenda zake. Ukimuuliza ameona nini, atakwambia miti.

Ami mmoja wa upande wa Makangale niliyekuwa nikifuatana naye hakuwa akiongoza kwa mkono wala kwa maneno. Alikuwa akisimama. Anatembea hatua kadhaa, anasimama, na sisi nyuma tunasimama pia, kila mmoja akijiuliza kuna nini. Mara nyingi hakuna kitu. Baada ya kusimamishwa hivyo mara kadhaa, watu wanaacha kuuliza, viatu vinapunguza kelele, mazungumzo yanakatika yenyewe. Hapo ndipo anapoanza kuonyesha: mpapindi wenye matunda mekundu, mtende mwembamba wa asili ya Pemba, maganda ya matunda yaliyotafunwa na popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani pengine popote duniani, na juu kabisa, wakibahatika, kima punju, ambao si wenyeji hapa, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Wageni wengine ni wabaya. Mhesi, mti uliowasumbua wahifadhi wa Amani, kule Usambara Mashariki, umeingia Ngezi pia, na ni mti mzuri kwa macho: mrefu, ulionyooka. Mtembezaji hodari hakupitishi hapo huku ukiusifu. Anakuonyesha miche yake inavyojaa pahala palipoanguka mti wa zamani, kisha anakuacha ufanye hesabu mwenyewe.

Kuna kipande cha msitu kinachonishangaza kila nikikifikiria. Udongo unageuka mchanga mweupe, miti inafupika, na unajikuta katikati ya vichaka vigumu vyenye vijani vyembamba sana. Ni jamii ya Erika. Kilimanjaro, nduguze Erika hao wametawala ukanda ulio juu ya msitu, na mpandaji wa njia ya Marangu anaufikia baada ya kuipita Mandara, mita 2,700 juu. Hapa wanaota karibu na usawa wa bahari, kwa kuwa mchanga huu hauna rutuba ya kulisha miti mikubwa. Watembezaji wengi wanapita bila kusema lolote. Nadhani ni hasara: hapa ndipo Pemba inapozungumza na mlima.

Lakini ufundi wenyewe uko usiku. Bundi wa Pemba alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na mtafiti aitwaye Pakenham mwaka 1937, na ndege huyo pia ni wa kisiwa hiki pekee. Wako wenye rangi ya kutu na wako wa kahawia. Hatafutwi kwa macho. Anatoa sauti moja fupi, ananyamaza, anarudia pale anapotaka yeye, na mwenzake anajibu kutoka mti mwingine. Ami anasubiri sauti zote mbili, anageuza kichwa kidogo, kisha anawasha tochi ndani ya kiganja kilichofumbwa, mwanga ukatoka mwekundu katikati ya vidole. Anavifungua kidogo kidogo, hadi mwale umguse ndege bila kumtisha.

"Tulia mwanangu," aliniambia nilipotaka kusogea. "Yeye keshakusikia tangu barabarani."

Na kumbuka ni bundi. Katika nyumba nyingi za kwetu akilia juu ya paa watu wanamfukuza, wakihofia msiba. Kijana anayeifanya kazi hii analazimika kwanza kuusahau woga aliolelewa nao, na huko nyumbani bibi yake hajausahau.

Vijana wa sasa wanajua majina ya kisayansi kuliko Ami, na Kiingereza chao ni kizuri. Sina ugomvi na hayo. Ila wanazungumza mno. Mtihani wa mtembezaji, ningepewa kuutunga, ungekuwa na swali moja: lipeleke kundi la watu msituni usiku, wakae kimya robo saa bila kuwaamrisha.

Ujira wa mtembezaji ni mdogo na wageni ni wa kubahatisha. Kwa hiyo karafuu zikizaa vizuri, usimtafute Ngezi. Atakuwa mashambani, juu ya mkarafuu, anachuma kama watu wengine, na mgeni wa bundi itabidi asubiri msimu upite.