Daftari la Forodha na Ukuta wa Mbao

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani khabari za bandari si ngeni kwetu. Chombo kikitia nanga, nahodha hutoa karatasi zake, watu wa forodha hupanda, na abiria husubiri. Kuandika majina ya abiria si dhulma; kila serikali ina haki ya kumjua aingiaye mlangoni mwake. Lakini liko daftari la kuwahifadhi watu, na liko daftari la kuwawinda. Kitabu ninachokuletea leo kinaonyesha tofauti ya mawili hayo.

Kitabu chenyewe ni Island, cha Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung. Kilitoka mwaka 1980, na chapa ya pili iliyoongezwa ikatoka 2014. Kimekusanya mashairi ya Wachina waliozuiliwa Angel Island, kisiwa kilichomo katika ghuba ya San Francisco, Marekani, baina ya 1910 na 1940. Mashairi hayo waliyachonga kwenye kuta za mbao za mabweni yao.

Huwezi kuyaonja mashairi hayo kabla ya kuijua sheria iliyoyazaa. Mwaka 1882 Marekani ilipiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini. Kila nahodha aliamriwa atoe orodha ya abiria wa Kichina peke yao, akaiapie, na aitoe wakati ule ule anapotoa orodha ya shehena. Hapana aliyeshuka mpaka afisa amlinganishe na cheti chake na ile orodha. Kibarua aliyekwisha kukaa nchini, akitaka kwenda kwao kuwaona wazee wake, aliandikwa melini kabla ya safari: jina, umri, kazi, na alama za mwili wake. Akapewa cheti, na cheti kile kilikuwa ahadi kwamba atarudi.

Ahadi ikavunjwa. Tarehe 1 Oktoba 1888 sheria mpya ilibatilisha vyeti vyote hivyo. Chae Chan Ping, aliyeishi San Francisco tangu 1875, alifika bandarini siku saba baadaye, cheti mkononi, akakatazwa kushuka. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ikaridhia. Mwaka 1892 ikaja nyingine: Mchina atakayekutwa hana cheti cha ukaazi, basi na alete shahidi mzungu, angalau mmoja. Tazama, ndugu yangu! Sisi tumefundishwa kuwa shahidi hupimwa kwa uadilifu wake. Wao walimpima kwa ngozi.

Katika tetemeko na moto wa 1906, kumbukumbu za uzazi za San Francisco ziliteketea. Wachina wengi wakadai kuwa wamezaliwa pale, kwa hiyo ni raia, na wana wao wana haki ya kuingia. Wengine walikuwa wakweli. Wengine walinunua jina la baba asiye baba yao, nao wakaitwa watoto wa karatasi. Serikali ikajibu kwa maswali: nyumba yenu ina ngazi ngapi? Pipa la mchele liko wapi? Nani anakaa nyumba ya tatu? Majibu ya baba na mwana yakikhitilafiana, kijana hurudishwa. Vijana walihifadhi majibu njiani, kisha wakazitupa karatasi baharini kabla ya kufika.

Hapo kisiwani, katika wiki na miezi ya kungoja, ndipo walipotunga. Wewe unayejua mizani na vina utawaheshimu: wengi walikuwa vijana wa vijijini Guangdong, nao walishika kanuni za kale za ushairi wao, mistari minne au minane, kila mstari herufi tano au saba. Maafisa walipaka rangi juu yake. Wawili miongoni mwa waliozuiliwa waliyanakili, 1931 na 1932. Mwaka 1970 mlinzi wa mbuga, Alexander Weiss, aliyaona maandishi katika jengo lililokuwa likingoja kubomolewa, na kwa juhudi za watu likaokolewa.

Je, yote ni mazuri? Hapana. Baadhi yanarudia kilio kile kile, na baadhi yanatamani kisasi mpaka uchungu unafunika maana. Yaliyo bora ni yale ya sauti ya chini, ya mtu anayesikia upepo na kuwakumbuka wazee wake. Wakusanyaji wamefanya insafu kuweka historia na mazungumzo ya wahusika kando ya mashairi. Upungufu mmoja si wao: jengo walimolala wanawake liliungua mwaka 1940, na kama walichonga chochote, kimekwenda na moto.

Labda utaniuliza: mbona unawasifu watu walioingia kwa uongo? Uongo siuhalalishi. Njia ya mwongo ni fupi, na hawa walilipa: wengine walizikwa chini ya majina yasiyokuwa yao. Judy Yung mwenyewe jina la Yung alilirithi kutokana na karatasi ya baba yake, ambaye ukoo wake ni Tom. Lakini aliyeufunga mlango wa kweli naye ana fungu lake la dhambi. Mkweli aliyesahau idadi ya ngazi alirudishwa, na mwongo aliyehifadhi vyema akapita. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1943, na hata hapo Wachina walioruhusiwa walikuwa 105 tu kwa mwaka.

Katika Surat al-Hujurat Mola wetu ametukataza dhana mbaya na kupelelezana, kisha akatwambia kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana ndiko alikotaka. Kupelelezana ndiko alikokataza. Forodha ile iliandika kila alama ya mwili wa mtu, na mtu mwenyewe isimjue. Ukuta ulimjua.

Nasi tujitazame majumbani. Mtoto anayehojiwa kila aingiapo kama mwizi, atajifunza kutunga majibu. Tusiwe maafisa wa forodha juu ya watoto wetu wala jirani zetu. Wallahu aalam.